Mjomba Yuko Dodoma

Kinole, 11 Machi 2023

Mdogo wangu Abdulmajid,

Assalaam alaykum. Huku mlimani sisi ni wazima, alhamdulillah, ukiacha goti la shemeji yako Hatibu, ambalo likiona wingu tu linaanza kulalamika. Mwanangu Shamsia amejifungua salama, mtoto wa kike. Doriani mwaka huu zilizaa mpaka zikakosa bei, tumekula mpaka tumezichoka. Msalimie sana wifi yangu Zuhura.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa unasema "nakusikia dada" huku unaongea na watu wengine. Barua hii naipeleka kwa gari la ndizi, wataiacha kwako Kihonda. Kama uko Dodoma, Zuhura atakutumia.

Juzi tulikusikia redioni. Baraza lilijaa watu, Hatibu akamkataza kila mtu kukohoa. Ulipowasema wakubwa wa dunia wanaobomoa miji ya wenzao, watu walitikisa vichwa. Kisha ukasema: "Vita haianzi na bunduki. Huanza siku unapomtazama jirani yako ukaacha kuona mtu, ukaona kundi." Mimi niliyekufundisha kusoma nilitoka nje nikajifanya naokota kuni, nisionekane nalia.

Sasa jambo lenyewe. Kule bondeni Mlembeni, mwanangu Mansuri, mpwa wako, anakolima, ng'ombe wameingia tena mashambani. Mfugaji mmoja, Laurenti, alipanda mwenyewe hadi hapa kuomba radhi. Ana boma lake kule na mkewe Janeth. Alikaa kwenye kigoda changu, akasema wanyama walimponyoka usiku, atalipa mahindi. Nilimwona ni mtu wa haki. Lakini vijana hawataki malipo tena. Wanakutana jioni kwenye mashine ya kusaga, wana mapanga, wamejipa na jina la jeshi. Mansuri naye huenda.

Njoo uwaambie yale ya redioni. Mwenyekiti wa kijiji wanamcheka, wewe watakusikiliza. Njoo kabla mahindi hayajakomaa.

Dada yako,
Mwanvita


Dodoma, 9 Aprili 2023

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Ramadhani karimu kwako, kwa shemeji na wote hapo nyumbani. Barua yako imenifikia kwa kuchelewa, Zuhura aliisahau juu ya kabati. Hongera kwa mjukuu. Mimi ni mzima, ila hili Bunge la bajeti halimpi mtu nafasi hata ya kufuturu kwa utulivu.

Nimefurahi kwamba mlinisikia. Hotuba ile imesambaa kuliko nilivyotarajia. Nimealikwa Kigali mwezi wa tano kuzungumza juu ya haki na ujasiri wa viongozi wakati wa vita. Dada, naamini kila neno nililosema. Naamini hakuna amani bila haki, na kwamba kiongozi asiyethubutu kuwakera watu wake hastahili kuwaongoza.

Kuhusu Mlembeni, nimelipokea kwa uzito unaostahili. Lakini lina njia zake. Mkuu wa wilaya analo mezani, na nikiingia mimi itaonekana nimewaruka watendaji. Halafu uelewe, wapiga kura wangu ni wakulima. Nikisimama kuwakemea hadharani wakati mahindi yao yameliwa, wapo wanaosubiri niteleze. Acha bajeti ipite, nitakuja tulizungumze kwa mapana.

Mwambie Mansuri atulie. Mwambie mjomba wake amesema.

Mdogo wako,
Abdulmajid


Kinole, 14 Mei 2023

Abdulmajid,

Assalaam alaykum. Idi tuliila salama. Goti la Hatibu ni lile lile. Mtoto wa Shamsia ameanza kucheka.

Laurenti ameuawa.

Ilikuwa Jumatatu, mchana, mvua imekatika. Ng'ombe wawili walikuwa wamevuka mto, naye akawafuata peke yake na fimbo yake. Vijana walimkuta kwenye kivuko. Wanasema walitaka kumkamata tu, wamngoje mwenyekiti. Mwenyekiti alipofika, hapakuwa na wa kuzungumza naye.

Erick, yule kibarua wa Mansuri kutoka Mahenge, ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka zahanati. Hakufika naye akiwa hai. Polisi walipokuja walimkuta Erick shati zima lina damu, wakamchukua yeye. Wengine wote hawakuona, hawakuwepo, walikuwa sokoni.

Mansuri alirudi hapa siku ile ile. Amelala siku nyingi akiangalia ukuta. Sijamuuliza kitu.

Mazishi ya Laurenti yalikuwa na watu wachache sana, na kutoka kijijini tulikuwa wanawake tu. Padri alisoma haraka kwa sababu ya mvua. Nilimwangalia Janeth, naye akaniangalia, sikujua niweke wapi macho yangu.

Sasa njoo. Watu wanajisifu, wanasema wameshinda. Njoo uwaambie kwamba hiki kilichotokea kina jina, na jina lake si ushindi.

Mwanvita


Kihonda, 25 Juni 2023

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Zuhura anawasalimu, anawatumia sukari na mchele kidogo.

Najua umesikia kwamba nilikuja Mlembeni mwezi huu na sikupanda hadi Kinole. Naomba unisamehe. Msafara ulikuwa mkubwa na ratiba ilikuwa ya watu wengine. Nilikutafuta kwa macho mkutanoni. Kama ulikuwepo, hukujitokeza.

Huenda yale niliyosema hayakukupendeza. Nilisema mkulima ana haki ya kulinda jasho lake, na kwamba serikali haitawavumilia wanaoingiza mifugo mashambani. Hayo ni kweli, dada. Nilikusudia kuongeza na lile jingine uliloniomba. Lilikuwa kwenye karatasi yangu. Lakini walipoanza kupiga makofi na kuniimbia, niliona nikilisema pale watanizomea, na mtu aliyezomewa hawezi kumsaidia yeyote tena. Ujasiri wa kiongozi si sawa na ujasiri wa mtu binafsi. Wakati mwingine unaacha neno moja lipite ili ubaki na nafasi ya kusema mengine elfu.

Kuhusu kijana wetu: tafadhali usiandike jina lake tena kwenye barua. Nimeongea na watu. Hatatafutwa. Asiwe na wasiwasi, ila asishuke bondeni kwa sasa.

Wako,
Abdulmajid


Kinole, 20 Agosti 2023

Abdulmajid,

Assalaam alaykum. Tu wazima. Pilipili manga tunavuna, mikono yote inawasha.

Nilikuwepo mkutanoni. Nilisimama nyuma ya gari la maji. Ulisema "hao" na "watu hao" na "wale waliokuja na ng'ombe zao". Jina la Laurenti hukulitaja hata mara moja, na mkewe alikuwa nyumbani kwake, mwendo mfupi tu kutoka kwenye spika zako.

Nimekaa na barua yako muda mrefu kwa sababu naona aibu kukuandikia haya. Niliposoma kwamba Mansuri hatatafutwa, nililala. Tangu Mei nilikuwa sijalala hivyo. Sikukuomba umfiche, lakini ulipomficha nilishukuru, nikasali na rakaa za shukrani. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Aliyeniamsha ni Mansuri mwenyewe. Tulikuwa jikoni, ugali umepoa mbele yake.

"Mama, mjomba amekuandikia nini?"

"Kwamba usiwe na wasiwasi."

"Na Erick? Naye ameandikiwa asiwe na wasiwasi?"

Nikamwambia ale. Hakula. Akasema, "Mimi ndiye niliyemshika Laurenti. Alikuwa anataka kurudi mtoni, nikamshika mikono kwa nyuma ili asikimbie. Nilidhani tunamngoja mwenyekiti. Wenzangu wakaanza kumpiga, nami nikawa bado nimemshika."

"Kwa nini hukumwachia?"

"Sijui, mama. Kila siku najiuliza hilo tu. Sijui."

Abdulmajid, Erick yuko mahabusu tangu Mei kwa kumbeba mtu aliyekuwa anakufa. Aliyemshika yuko jikoni kwangu.

Mansuri anataka kwenda polisi kusema. Nimemkubalia. Lakini unajua kwetu Waluguru mtoto ni wa lukolo, ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Hatibu anasema, "Mimi nimezaa tu, kumpeleka si kazi yangu," kisha anageukia ukutani. Kama kijana anakwenda kusema jambo kama hili, anakwenda na mjomba wake. Hatuombi umtetee. Njoo utembee naye kutoka stendi hadi kituoni, basi. Panga siku wewe, sisi tutashuka.

Dada yako,
Mwanvita


Dodoma, 1 Oktoba 2023

Dada,

Shikamoo. Nawaombea afya njema. Nimemtumia shemeji dawa ya goti, apake asubuhi na jioni.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimefunga mlango. Nakuomba usubiri. Nimeuliza wanasheria, tena bila kutaja jina. Kesi ile haina mashahidi. Itajifia yenyewe, na yule kijana wa Mahenge ataachiwa. Kwa hiyo hakuna atakayekuwa ameumia, zaidi ya yeye kupoteza muda wake. Mkienda sasa mtamharibia maisha Mansuri kwa jambo ambalo sheria yenyewe iko tayari kulisahau.

Na mimi, dada. Fikiria picha ile. Mbunge anaingia kituo cha polisi akimshika mkono mpwa wake muuaji. Kila nilichokisema juu ya amani kitageuzwa kichekesho. Nani atapata faida? Si Laurenti.

Subiri mwakani. Nakuomba kama mdogo wako.

Abdulmajid


Kinole, 3 Desemba 2023

Abdulmajid,

Assalaam alaykum. Dawa imefika, Hatibu anasema inanukia vizuri.

Hatukusubiri. Mama yake Erick amefariki kule Mahenge, na wamemzika huku mwanawe akiwa bado mahabusu. Habari ilitufikia Ijumaa ya mwanzo wa mwezi uliopita. Jumamosi Mansuri alinyoa nywele, akavaa shati lake la harusi ya Shamsia, akaniambia, "Mama, twende."

Tulishuka kwanza kwa Janeth. Alikuwa anakamua. Mansuri alimweleza akiwa amesimama, yote, pamoja na yale ya mikono. Mimi nilibaki nje ya boma. Janeth hakulia wala hakufoka. Alimaliza kukamua, akasema, "Nimekusikia. Sasa nenda ukawaambie na wao."

Kituoni askari wa zamu alikuwa mtu mzima. Alimsikiliza Mansuri hadi mwisho, akavua kofia.

"Kijana, umekuja na nani?"

"Na mama."

"Hakuna mwanaume wa ukoo? Mjomba hayupo?"

Mansuri akanitazama mimi, nikajibu, "Mjomba yuko Dodoma."

Yule askari hakuuliza zaidi. Nadhani alijua ni nani.

Erick ameachiwa. Alipita hapa kuchukua jembe lake na godoro. Nilimpikia, hakukaa. Nilianza kusema pole ya mama, akaniambia, "Usiseme, bibi. Tafadhali." Akashuka. Sijui ameelekea wapi.

Mansuri amewataja wenzake. Wawili wamekamatwa, wengine wamekimbia. Mama zao hawanisalimii. Nikifika kisimani, maongezi yanakatika. Sikulaumu kwa hilo, ni kazi yangu mwenyewe. Nakueleza ili ujue kwamba yale uliyokuwa unayaogopa yapo, ni kweli yanauma. Ila mtu anaamka, anafagia, anakwenda shambani.

Mwanvita


Kihonda, 14 Julai 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Najua sijajibu barua yako tangu Desemba. Nilianza mara nyingi. Nilikuwa nakutumia sukari kwa mkono wa Zuhura badala ya maneno, na nilijua kwamba unajua.

Shamsia ameniambia presha imekuzuia kuja mahakamani Jumatano. Nakuandikia yaliyotokea, kwa sababu mimi nilikuwepo na nadhani hakuna aliyekuambia.

Nilikwenda peke yangu, bila dereva. Nilikaa benchi la mwisho. Mansuri amekonda, lakini anasimama wima. Waliposoma shitaka la kuua bila kukusudia, alikiri kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia vizuri kule nyuma. Alipogeuka aliniona. Akainamisha kichwa kidogo, midomo ikasema "shikamoo". Mbele ya jaji, akiwa na pingu, ananiamkia.

Kisha jaji akauliza kama kuna ndugu wa mshitakiwa mwenye neno la kusema kabla ya adhabu. Shamsia alikuwa nje ananyonyesha. Nilikuwa mimi tu.

Dada, nimesimama mbele ya marais. Nilijua hata la kusema. Nilitaka kusema kwamba huyu ni mtoto wa dada yangu, kwamba alikuja mwenyewe, na kwamba mimi ndiye niliyejaribu kumzuia asije. Maneno yalikuwa yamepangana kabisa. Pale mbele kulikuwa na mwandishi wa gazeti ninayemfahamu, ameinua kalamu. Nikasema moyoni, ngoja aishushe. Nikamngoja.

Jaji akasema, "Hakuna?" Halafu upande wa pili akainuka mwanamke mwenye kitambaa cheusi, akasema, "Mimi ni Janeth, mke wa marehemu. Simtetei. Nasema tu kwamba huyu alikuja nyumbani kwangu akaniambia alichofanya. Tangu siku ile hakuna mwingine aliyekuja." Akakaa.

Miaka saba. Mwendesha mashtaka alikuwa ameomba zaidi. Jaji alisema amezingatia maneno ya mjane.

Nilitoka kwa mlango wa pembeni.

Kesho kutwa nilikuwa niende Arusha kufungua mkutano wa usuluhishi. Nimewaandikia kwamba ninaumwa, na huo nao ni uongo. Naona siwezi tena kulitamka neno haki mbele ya watu bila kuisikia sauti ya yule mama. Nataka nije nikamwombe radhi, kwa niaba ya ukoo na kwa niaba yangu. Niambie siku gani inafaa, na kama wewe utakubali kwenda nami.

Mdogo wako,
Majidi


Kinole, 4 Agosti 2024

Majidi,

Assalaam alaykum. Presha imeshuka, nimeanza kutembea hadi barazani. Hatibu alishuka na fimbo yake hadi gerezani kumwona mtoto, akarudi amechoka lakini ameongea siku nzima.

Nimekubali kwenda nawe kwa Janeth, lakini Janeth hayupo. Baada ya hukumu aliuza ng'ombe wachache, waliobaki akahama nao na shemeji zake. Wanasema ni upande wa Lindi, hakuna anayejua kijiji. Boma limebaki miti tu, na watu wameanza kuichukua kuni.

Alipanda kuniaga. Nilikuwa nimelala ukumbini kwa ajili ya presha, akakaa pale chini karibu nami, akakataa kigoda. Tukaongea habari za mvua na habari za watoto wake. Nikamshukuru kwa aliyosema mahakamani. Akasema hakusema kwa ajili yangu. Kisha akaniuliza:

"Bibi, kulikuwa na mzee mmoja wa suti, amekaa nyuma kabisa peke yake. Jaji alipouliza, alishika benchi la mbele kama anayetaka kuinuka. Nikamngoja aseme. Nilipoona kimya, nikadhani amekosea chumba. Ni nani yule?"

Nikamwambia, "Ni mdogo wangu. Ni mjomba wake Mansuri."

Akakunja khanga yake, akasema, "Basi ningengoja kidogo zaidi." Akaniaga, akashuka.

Sikuandikii haya ili unijibu, Majidi. Wa kuombwa radhi ameshakwenda, na mimi siwezi kuipokea kwa niaba yake. Mansuri yupo. Jumamosi ni siku ya kuwaona wafungwa. Kila nikienda ananiuliza kama utakuja, nami namwambia sijui.

Dada yako,
Mwanvita